Makosa Aliyoyafuta Mwaisha

Siku zile, akitoka shule, Mwaisha alikuwa haendi nyumbani kwanza. Anapitia kwenye kibanda cha baba yake pale mtaa wa Mafiga, anampa shikamoo, anasukuma begi lake chini ya meza, kisha anangoja adhana ya alasiri. Baba yake, Hatibu, akishaondoka kwenda msikitini, Mwaisha hukalia kiti chake na kuanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

Hatibu alikuwa mchapaji. Watu walimletea barua za maombi, katiba za vikundi, mitihani na kadi za harusi, vyote vimeandikwa kwa mkono, naye akavichapa kwenye kompyuta. Na alivyokuwa hodari, we! Macho yake yalibaki kwenye karatasi ya mteja, vidole vinatembea vyenyewe juu ya vitufe. Mwandiko wa mtu uwe mbaya kama kuku aliyeparua majivu, Hatibu ataufumbua tu.

Tatizo lilikuwa macho. Kukaa kutwa mbele ya skrini inayomulika si mchezo. Ikifika jioni macho yake yalikuwa mekundu, yanawasha, yanatoka machozi. Mzee Bharat, mwenye duka la karatasi la jirani, akamwonea huruma. Mwanawe alikuwa amemletea kutoka ng'ambo skrini ya karatasi ya kielektroniki.

"Chukua wewe, Hatibu," alisema. "Mimi hesabu zangu nafanya kichwani. Itanisaidia nini?"

Skrini ile haikuwa na taa ndani yake. Maandishi yalitulia meusi juu ya weupe uliofifia, mfano wa gazeti, na ili uyaone ulihitaji mwanga wa nje, kama unavyosoma kitabu. Hatibu akasogeza meza mlangoni. Mawingu yakifunika milima ya Uluguru na kibanda kikaingia giza, aliwasha taa ya mezani.

"Alhamdulillahi! Macho hayaumi tena," alimwambia mkewe, Pili.

"Afadhali. Lakini si ulisema utakwenda kupimwa?"

"Nikapimwe nini, Mama Mwaisha? Siumwi, niende hospitali kufanya nini?"

Pili akaliacha hilo. Nani angebishana na mtu aliyepona?

Mwaisha ndiye aliyeona kwanza. Siku moja alikuwa akiipitia kadi ya harusi kwenye skrini, akakuta jina la bwana harusi lipo, la bibi harusi halipo. Makubwa! Alicheka peke yake mpaka akashika mbavu, kisha akaliandika. Lakini kesho yake alikuta maneno ya mwisho wa mistari yamerukwa kwenye barua. Kesho kutwa, aya nzima. Akaona pia jinsi baba anavyoipiga teke ndoo ya maji ambayo siku zote hukaa pale pale kuliani kwake, halafu anauliza kwa ukali ni nani aliyeihamisha.

Kicheko kikamwisha. Nyumbani kwao mtoto hufunzwa kumsitiri mzazi wake. Aibu ya mzazi haitembezwi. Basi Mwaisha akamsitiri. Kila alasiri, baba akiwa kwenye swala, yeye alilinganisha karatasi na skrini, akarudisha maneno yaliyopotea, akainuka kabla baba hajarudi. Wateja walisifu: "Hatibu hakosei!" Hatibu alitabasamu, na Mwaisha akajiona mtoto mwema kuliko wote Morogoro.

Mpaka siku ile Pili alipoleta chakula cha mchana. Ilikuwa Jumamosi, na Mwaisha alikuwa kizingitini akifanya hesabu zake. Jua lilikuwa kali, kibanda kimejaa mwanga. Hatibu alikuwa amezama kwenye kazi, anachapa mbio mbio.

"Baba Mwaisha, unachapa nini?" Pili aliuliza.

"Katiba ya kikundi cha Kihonda. Naimaliza sasa hivi."

"Lakini umeme umekatika. Umekatika tangu natoka nyumbani."

Vidole vya Hatibu vikasimama. Skrini ya namna ile umeme ukikatika haizimiki. Ukurasa wa mwisho hubaki juu yake vilevile, kama umebandikwa. Hatibu alikuwa akiinua macho, akiona maandishi, akaridhika. Hata herufi moja mpya haikuwa imeingia. Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa skrini, akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili.

"Pili," alisema taratibu, "jicho la kulia halioni kitu."

Mwaisha akaangua kilio. "Nilijua, baba! Nilikuwa nayaona makosa yako, nayasahihisha ukienda kuswali. Sikutaka uaibike!"

Hatibu hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza.

Wote watatu walikwenda hospitalini, wakamweleza daktari wa macho habari za makosa yale, naye akampima Hatibu kwa muda mrefu. Alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula uono kimyakimya kuanzia pembeni, mara nyingi bila maumivu. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki na uono wa katikati tu, nao utalindwa kwa dawa ya matone maisha yake yote.

"Ni ile skrini, daktari?" Pili aliuliza.

"Hapana, mama. Skrini imeyapumzisha macho, na hilo ni jema. Ila kupumzika si kupona. Angekuja makosa yalipoanza, tungeokoa zaidi."

Maneno hayo yalimchoma Mwaisha, na hakuna aliyeweza kuyarudisha. Usiku ule hakula. Siku zilizofuata alipita mbali na kibanda. Alirudi nyumbani moja kwa moja, akajifunika shuka. Moyo ulimuuma, na kidonda cha moyo hakina wa kukipulizia.

Siku moja Hatibu aliingia chumbani, akaketi kando yake, akipapasa kitanda.

"Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilijificha ukweli kwanza. Maumivu yalipoondoka nikadhani ugonjwa umeondoka. Wewe ukanificha makosa yangu kwa mapenzi. Lakini nisikilize. Kumsitiri mtu ni kuwaficha watu aibu yake. Ukimficha hata yeye mwenyewe, hujamsitiri, umemnyima nafasi ya kujiokoa. Ukiona mtu wako anajikwaa, mwambie, hata kama atakasirika. Na macho, yaume yasiume, hupimwa."

"Nisamehe, baba."

"Nimeshakusamehe. Kesho uje kazini. Sasa nakuhitaji kwelikweli."

Kuanzia hapo wakagawana kazi. Mwaisha akitoka shule humsomea baba yake karatasi za wateja kwa sauti, naye Hatibu huchapa. Pili akija kibandani, kila baada ya muda huwaita watoke nje, waipe milima ya Uluguru macho yao kidogo, wayapumzishe. Hatibu hutazama huko, ingawa yeye huona kipande tu cha mlima.

Alasiri ya kwanza walipomaliza ukurasa, Hatibu aliondoa mikono kwenye vitufe.

"Nimekosea?" aliuliza.

Mwaisha aliitazama skrini. Mstari wa tatu ulikuwa umepungukiwa na neno. Alitamani kusema hapana.

"Umekosea, baba."

"Vizuri," alisema Hatibu, akamshika bega. "Nionyeshe wapi."