Nusu Mbili za Samaki wa Caithness

Haya yalimkuta rafiki yangu Magnus, mchimbaji wa samaki waliogeuka mawe huko Caithness, kaskazini mwa Uskoti. Kaniapia ni kweli, na Magnus hana kipaji cha uongo.

Kwao jiwe likipasuliwa, samaki hubaki pande zote mbili, kwa hiyo wachimbao pamoja hugawana nusu kwa nusu. Yeye na Innes walifanya hivyo tangu ujana. Kisha makumbusho yakatangaza samaki adimu aliyepatikana na Innes, peke yake. Magnus alilisoma tangazo lile kama mtu anayesoma habari za kifo chake.

Akabeba nusu yake hadi ghala la makumbusho, alikokuwa Innes na nusu ya pili.

"We Innes, peke yako? Na chai ya chupani mwangu ulikunywa na nani?"

"Usinitie aibu, bwana. Hilo jiwe lako ni la samaki mwingine."

"Tulinganishe," akasema Bi Sinclair, mhifadhi wa makumbusho, "ingawa kamati yetu imeshapitisha jina la Innes."

Wakazifumbanisha nusu mbili. Zikashikana barabara. Wote wakaduwaa, mpaka taa, ambazo kamati ilizichagua zizimike zenyewe mtu asipojongea, zikazimika.

Gizani kitu kikapiga mkia. Pwata, pwata, kama samaki sakafuni, kikielekea kwa Innes. Kisha kimya.

Magnus akapunga mkono, taa zikawaka. Akazifunua nusu. Zote mbili zilikuwa tupu, laini kama sahani.

"Innes, mwambie basi Bi Sinclair tulikuwa wawili."

Innes akafungua mdomo ajibu. Yakamtoka maji, na gamba moja, bado linang'aa.