Treni Isiyosimama Chinchpokli

Asubuhi moja Sulochana alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Mumewe, Sakharam Paradkar, alipiga funda moja akalitema uani.

"Mama Vinay, unataka kuniua?"

"Wewe ndiye unayepanga makopo yanayofanana," alijibu Sulochana.

Sakharam aliyatazama makopo. La chumvi lilikuwa jekundu. La sukari lilikuwa la kijani. Aliinuka akapika chai nyingine mwenyewe.

Kwa mwaka mzima sasa, macho ya Sulochana yalikuwa yakiona kama mtu anayetazama kupitia pazia. Mchele aliuchambua kwa vidole. Majirani aliwatambua kwa sauti. Madaktari walipokuja mji wao wa Kudal kupima watu macho, walimwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili.

"Mama, ugonjwa huu unatibika," alisema muuguzi. "Iko hospitali Mumbai, karibu na stesheni ya Chinchpokli, itakayokupasua bila malipo. Siku yenu ni Jumatano. Mjiandikishe kabla ya saa tano asubuhi. Mkichelewa, nafasi anapewa mwingine, na ninyi mtangoja miezi minne."

"Na nikingoja?" aliuliza Sulochana.

"Ugonjwa unazidi kukomaa, na upasuaji unazidi kuwa mgumu. Usingoje."

Muuguzi aliandika maelezo ya njia kwenye karatasi. Sakharam aliikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni.

"Isome kwanza, mzee," alisema muuguzi.

"Binti yangu, mimi nimekuwa tarishi wa posta miaka thelathini na moja. Kazi yangu ilikuwa kutafuta watu. Tena Mumbai naijua. Mwaka themanini na sita nilikaa kwa mjomba wangu, alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo, hapo hapo Chinchpokli. Ukishuka tu, unaliona bomba la moshi la kiwanda."

Muuguzi alimtazama Sulochana. Sulochana alitabasamu tu. Mume wake alikuwa hivyo tangu siku ya harusi.

Jumanne jioni walipanda treni ya usiku. Jumatano, jua lilipochomoza, wakashuka Dadar, stesheni kubwa ya Mumbai, wabadilishe treni. Stesheni ilikuwa bado haijajaa. Wangeweza kuendelea na safari papo hapo.

"Tuna muda tele," alisema Sakharam. "Tunywe chai kwanza."

Wakanywa chai. Wakala mkate wenye kababu ya viazi. Sakharam akanunua gazeti, akasoma hadi matangazo ya vifo. Walipoinuka ilikuwa saa tatu kasoro, na Dadar ilikuwa imebadilika. Watu walikuwa wakimiminika kutoka kila ngazi. Sulochana hakuona nyuso. Aliona rangi tu, zikimpita mbio pande zote mbili.

"Baba Vinay, usiniache."

"Nishike shati."

Alimshika shati. Wakashuka ngazi, wakafika kwenye jukwaa. Muda mfupi baadaye treni ikaingia kwa kishindo, na kabla haijasimama vizuri watu walikuwa wameshaning'inia milangoni.

"Hii inaenda kusini," alisema Sakharam. "Ndiyo yetu. Panda!"

Pale waliposimama palikuwa mbele ya behewa la wanawake. Wanawake ishirini walisukumana kwenye mlango mmoja, na Sulochana akabebwa pamoja nao kama unyasi kwenye mfereji. Shati likamponyoka mkononi. Sakharam naye akatia mguu mmoja ndani.

"We baba!" alipiga kelele mwanamke mmoja. "Huoni hili ni la wanawake?"

"Mke wangu yumo humu!"

"Na wangu mimi mume yuko kule! Nenda kule!"

Wakacheka. Sakharam akashuka, akakimbilia behewa la pili. Mlango ulikuwa umejaa migongo ya watu. Alipapasa mahali pa kushika, hakupata. Treni ikaondoka.

Alibaki amesimama, mkoba mkononi. Simu alikuwa nayo yeye. Karatasi alikuwa nayo yeye. Barua ya hospitali alikuwa nayo yeye. Mke wake, asiyeweza kusoma hata ubao wa stesheni, alikuwa peke yake ndani ya treni.

"Nitamkuta Chinchpokli," alijiambia. Alimshika mkono kijana mmoja aliyekuwa akipita. "Kaka, treni ya Chinchpokli?"

"Ile uliyoikosa haisimami huko. Nenda jukwaa lingine, panda darajani," alisema kijana, naye akapotea.

Haisimami? Sasa Sulochana atashukia wapi?

Alipanda darajani. Watu walikuwa wengi, wakamsukuma wakampeleka mbali kuliko alivyotaka. Aliona ngazi, akashuka. Treni ilikuwepo, akaingia. Akasikia mtangazaji akisema, "Kituo kinachofuata, Prabhadevi."

Prabhadevi? Mwaka themanini na sita hakikuwepo kituo cha jina hilo. Akamuuliza mtu aliyembana kifuani, "Hiki Prabhadevi ni kituo kipya?"

"Cha zamani, mzee. Jina ndilo jipya."

Sakharam hakuelewa. Aliposikia Lower Parel, akasema moyoni, "Parel naijua, ni karibu," akashuka. Akatoka nje kutafuta bomba la moshi la kiwanda. Hakuliona. Palikuwa na majumba ya vioo, marefu, yanayong'aa hadi macho yakauma. Alimuuliza muuza ndizi, akaambiwa aende kulia. Akamuuliza mlinzi wa jengo, akaambiwa aende kushoto.

"Chinchpokli ni hapa?"

"Hapa si Chinchpokli, mzee. Umekuja njia nyingine kabisa."

Njia nyingine? Saa yake ilionyesha saa nne na dakika kumi. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alizunguka, akarudi, akajikuta tena mbele ya muuza ndizi yule yule. Akaketi kwenye ukingo wa barabara. Alitaka kulia, lakini aliona haya.

Hapo simu ikalia. Namba hakuijua.

"Wewe ndiye Baba Vinay?" iliuliza sauti ya mwanamke.

"Ndimi. Wewe nani?"

"Naitwa Mehrunnisa. Nauza vibanio vya nywele kwenye treni, behewa la wanawake. Mkeo ninaye hapa, ameketi, anakunywa maji. Usihangaike."

Sakharam aliibana simu sikioni kwa mikono yote miwili.

"Haloo? Umekufa?"

"Nipo, dada. Amepataje namba yangu? Haoni!"

Sauti ya Sulochana ikaingia. "Tangu macho yalipofifia namba zote naziweka kichwani. Kwani wewe uliwahi kuniuliza? Uko wapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Sulu. Kila kitu kimebadilika."

Mehrunnisa akachukua tena simu. "Mzee, nisikilize. Sasa hivi usipande kitu chochote. Inuka, nisomee ubao wa stesheni uliyotoka."

"Umeandikwa Lower Parel."

"Basi una bahati, uko karibu. Dadar ni stesheni mbili zilizoungana kwa daraja. Upande mmoja ni njia ya Magharibi, upande wa pili ni njia ya Kati. Chinchpokli iko njia ya Kati, wewe ukapanda ya Magharibi. Umeelewa?"

"Nimeelewa." Hakuwa ameelewa vizuri.

"Rudia nilichosema."

Akarudia, akakosea. Mehrunnisa akamweleza upya, polepole. Mara ya pili akapatia.

"Sasa vuka daraja la barabara, upande wa mashariki. Ni mwendo wa dakika chache. Utaikuta stesheni ya Currey Road. Hiyo ni njia ya Kati. Ukifika uliza mtu mwenye sare, siyo mpita njia. Mwambie unataka treni ya kila kituo iendayo kusini. Ukipanda, kituo cha kwanza tu, shuka. Sisi tuko chini ya ngazi za daraja, Chinchpokli. Hatuondoki hapa hata iweje."

Sakharam alitembea, mara nyingine akikimbia. Alimuuliza askari wa reli, akaonyeshwa jukwaa. Akapanda. Akashuka kituo cha kwanza. Chini ya ngazi alimwona Sulochana, na kando yake mwanamke mnene mwenye kapu la vibanio vya kila rangi.

Sulochana aliposikia sauti yake alinyoosha mkono, akamgusa bega, akamgusa shavu. Halafu akamchapa kofi dogo begani.

"Mumbai unaijua!" alisema.

Sakharam aliinamisha kichwa. "Wewe umefikaje hapa?"

"Treni ile ni ya haraka," alisema Sulochana. "Imepita Chinchpokli kama haipo. Na jina lake lote likanitoka. Nikaanza kusema, nishusheni, nishusheni kwenye stesheni ya ukwaju."

Wanawake walikuwa wamebishana juu ya ukwaju huo hadi wakagombana. Katika lugha yao ukwaju ni *chinch*, na mahali penye jina lianzalo hivyo ni pengi. Mmoja alisema ashushwe mwisho wa njia, mwingine akasema apelekwe Chinchwad, mji mwingine kabisa. Mehrunnisa ndiye aliyeuliza swali lililosaidia: "Mama, unaenda kufanya nini huko?" Aliposikia hospitali ya macho akajua. Akashuka naye kituo kilichofuata, wakarudi nyuma kwa treni ya kila kituo.

"Umeacha biashara yako," alisema Sakharam.

"Vibanio haviozi. Hebu tembeeni, saa tano inakaribia. Nitawaeleza njiani." Akatangulia, akizungumza bila kugeuka. "Kwenye kila jukwaa kuna ubao wa taa. Una saa, una mahali treni inakokwenda, na una herufi. Ikiwa S, ni ya kila kituo. Ikiwa F, ni ya haraka, inaruka vituo. Usipande kabla hujaiona herufi. Nyote mna karatasi ya anwani?"

"Ninayo mimi," alisema Sakharam. Akaitoa mfukoni, na kwa mara ya kwanza akaisoma. *Dadar, njia ya Kati. Treni ya kila kituo. Kituo cha tatu, Chinchpokli.* Yote yalikuwa yameandikwa humo.

Alisimama barabarani.

"Nini tena?" aliuliza Sulochana.

"Hakuna. Twende."

"Basi mama naye aandikiwe ya kwake," alisema Mehrunnisa, "na namba ya simu juu yake. Na kabla ya kupanda, kubalianeni: tukipotezana, tukutane wapi? Mahali pamoja, panapojulikana. Aliyefika kwanza angoje. Asianze kumtafuta mwenzake, maana mkitafutana nyote hamtaonana hadi jua litue. Na kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, mtu mgeni asijitie kwenye treni hizi kama anaweza kuepuka. Sisi wenyewe tunaumia."

"Tulifika alfajiri," alisema Sulochana. "Tukaketi tukasoma matangazo ya vifo."

Mehrunnisa alicheka hadi kapu likatikisika.

Walifika kwenye dirisha la hospitali zikiwa zimebaki dakika nane. Karani alitazama barua, akatazama saa, akatazama shati la Sakharam lililolowa.

"Mmetoka mbali?"

"Kudal," alisema Sulochana.

"Jicho gani linaanza?"

"Lolote, mwanangu. Yote mawili hayana kazi."

Karani akagonga muhuri. Walipogeuka kumshukuru Mehrunnisa, alikuwa ameshaondoka. Sulochana ndiye aliyegundua kwamba kwenye nywele zake kulikuwa na kibanio kisichokuwa chake.

Siku ya pili yake walimpasua jicho la kulia. Bandeji ilipotolewa, Sulochana aliutazama ukuta, asigeuze kichwa. Daktari akaingiwa na wasiwasi.

"Mama, unaona nini?"

"Sisimizi," alisema. "Wanapanda pale. Wako sita."

Baada ya wiki sita walirudi Mumbai kwa ajili ya jicho la kushoto. Safari hii kila mmoja alikuwa na karatasi yake. Walishuka Dadar alfajiri, wasinywe chai. Sakharam alimuuliza mfanyakazi mwenye sare ilipo njia ya Kati, kisha akamuuliza na mwingine, majibu yakawa sawa. Wakasimama chini ya ubao wa taa.

Treni ikaingia. Watu wakakimbia. Miguu ya Sakharam nayo ikaanza kwenda.

"Simama," alisema Sulochana. "F hiyo."

Ikapita. Dakika nne baadaye ikaja yenye S. Sulochana akaenda kwenye behewa la wanawake, Sakharam akaenda kwenye la kawaida.

"Chini ya ngazi za daraja," alisema Sakharam.

"Chini ya ngazi za daraja. Nenda, usikose mlango."

Kituo cha tatu, Sakharam alishuka na umati. Treni nyingine ilikuwa imesimama upande wa pili, nayo inashusha watu. Jukwaa likajaa. Alitazama ngazi, akaona sari za bluu kama ya mkewe, tano, sita, kumi, na zote zinasogea. Yupi ni Sulochana? Akatazama nyuma. Akatazama tena mbele. Alikuwa anataka kwenda kumtafuta huku na kule, lakini akakumbuka wamekubaliana nini, akaanza kusogea kuelekea ngazi, hatua kwa hatua, asijue anamwendea nani.

Ndipo alipouona mkono umeinuliwa juu ya vichwa vya watu, unapunga. Sulochana alikuwa amesimama chini ya ngazi, mgongo ukutani. Alikuwa ameshamwona tangu mbali, kabla yeye hajamwona.

"Baba Vinay!" aliita. "Huku! Vifungo vya shati umevikosea!"