Salamu za Kabugho, Kifungua Mimba

"Tai! Ripoti! Huyo mutu iko wapi?"

Sauti ya Afande Aryemo, aliyeketi studio za Redio Mlima huko Kasese, ilikwaruza sikio la kushoto. Sikio la kulia lilikuwa na redio yenyewe, ile ya intaneti.

"Bado, afande."

Kabugho, Tai kwa jina la kazi, jasusi asiyejulikana hata na majirani zake, alijipenyeza katika soko la mpakani la Mpondwe kama mnunuzi wa vitunguu. Bastola ya Glock ilimkera kiunoni chini ya kitenge. Kati ya malori, Mafuso yaliyopanga foleni ya forodha, moja lilikuwa na bomu. Lipi? Hakuna aliyejua. Mwenye rimoti alikuwa humo humo sokoni, akisubiri salamu mbili redioni. Ya kwanza ajiandae, ya pili abonyeze.

Zamani ungemtafuta mwenye redio begani. Siku hizi wapagazi, madereva, wauza samaki, wote waya masikioni, wote Redio Mlima! Intaneti imeleta raha, na balaa ikapanda humo humo.

Tena mama yake mzazi alikuwa pale, akipima maharage kando ya Mafuso. Kumwondoa kungezua kelele, na kelele zingemshtua muuaji. Kabugho akampita kama hamjui. Iliuma.

Mtangazaji akasoma: "Salamu kwa Kabugho, kifungua mimba wa mzee Zedekia, hapo Mpondwe. Ajiandae kwa arusi."

Moyo ukamlipuka. Wamenijua!

La. Kifungua mimba? Kwa Wakonzo majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika. Kabugho ni wa tatu, kama yeye mwenyewe. Mkonzo gani angekosea hapo?

"Afande, ndiyo hiyo. Kaiandika mgeni."

"Ingine imefika hapa studio. Nazuia?"

"Zuia. Wasome yangu: 'Kabugho, kifungua mimba wa Zedekia, betri ni mbovu. Badilisha sasa hivi.'"

"Uko na wazimu?"

"Wasome, afande!"

Redio ya intaneti huchelewa. Maneno yalitoka Kasese, yakazurura yanakojua yenyewe. Kabugho alisubiri, akichaguachagua vitunguu.

Yakafika.

Wapagazi wakacheka. Mtu mmoja hakucheka. Bwana wa suti ya kijivu, aliyejifanya wakala wa forodha, alichomoa rimoti mfukoni na kufungua kifuniko. Betri zikamwangukia kiganjani.

Kabugho akamrukia. Kiwiko cha shingo. Rimoti chini. Glock shavuni.

"Umenijuaje?" bwana yule alikoroma.

"Kabugho ni mimi. Na mimi si kifungua mimba."

Askari wakamzoa. Wataalamu wa mabomu wakayavamia Mafuso. Kabugho akafunga kitenge vizuri, akaondoka taratibu.

"Weye Kabugho!" Ilikuwa sauti ya mama. "Unapita mara mbili bila kusalimia? Niko mama yako ao niko mutu wa njia?"

Genge la bwana yule halikosi macho mengine sokoni. Kumwitikia mama ni kuwaonyesha pa kumpata.

Wanawake wawili wenye jina hilo wakageuka.

Yeye hakugeuka.