Trei Mbili za Papai

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni, akaanza kumenya mapapai. Jina hilo alibandikwa na mama yake kwa sababu kila kazi aliifanya kama mtu anayefukuzwa. Lakini muhula ule hata yeye alikuwa hoi. Asubuhi kuchota maji, mchana masomo, jioni mapapai.

Mama yake alikuwa dobi wa hospitali. Alirudi jioni miguu imemvimba, na bado aliketi kumsaidia kukata. Wodi ya watoto ilimwomba unga wa papai, wa kutia kwenye uji wa watoto waliokuwa wakipata nafuu. Masharti yake hayakuwa na mzaha: vipande vyembamba, vichovywe kwenye maji ya ndimu, kisha viingie kwenye kikaushio, yaani kisanduku cha mbao kilichofunikwa kitambaa cheusi ili hewa ya moto ipite bila jua kuvigusa.

Jumamosi mama alikwenda kazini. Kikaushio kilikuwa kimejaa, na mapapai ya trei mbili yalikuwa yamebaki, yameiva kupita kiasi. Mgongo ulimuuma Chapuchapu, akashindwa kuvumilia. Alikata vipande vinene kama kidole, ndimu hakuigusa, akaziweka trei zote mbili juu ya bati la banda la kuku, kwenye jua la utosini.

Jumapili jioni vipande vilikuwa vikavu, ila vimepauka.

"Vyote vimetoka kwenye kikaushio?" mama aliuliza huku amefumba macho.

"Ndiyo, mama."

Jumatatu jioni muuguzi wa wodi alifika kuchukua unga. Mama alikuwa ameshasaga vipande vya kikaushio, na kopo lilikuwa nusu, unga wa rangi ya chungwa unaonukia. Akanyanyua bakuli lenye unga wa rangi ya udongo, ili amimine humo humo.

Chapuchapu aliikumbuka wodi ya watoto. Aliwahi kumpelekea mama chakula hospitalini, akamwona mtoto asiyeweza hata kushika kikombe, analishwa uji kijiko kwa kijiko. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Mama, usimimine! Vipande vya unga huo nilivianika juu ya bati. Nilikudanganya."

Mama aliliweka bakuli chini. Muuguzi aliokota humo kipande kimoja kilichokataa kusagika, akakivunja. Ndani kilikuwa bado na majimaji.

"Unaona, mwanangu? Jua kali limekausha nje haraka, maji yamebaki ndani. Unga huu ungevundisha kopo zima. Na rangi hii imeliwa na mwanga na joto la bati, pamoja na vitamini tulizokuwa tunazitaka. Mgonjwa wangu angeshiba kitu kisichomsaidia."

"Basi chukua nusu kopo hii, dada," mama alisema kwa sauti ya uchovu. "Nusu iliyobaki nitakuletea Alhamisi."

Muuguzi alipoondoka, Chapuchapu alisubiri kugombezwa. Mama alivuta tu beseni la mapapai mapya, akashuka chini taratibu, akishika kiuno.

"Sogea hapa. Leta na ndimu."

Walianza kukata. Visu viligonga ubao, na mama alipiga miayo mara mbili.

"Jana nilikuuliza nimefumba macho," alisema hatimaye. "Nilikuwa nimechoka, sikutaka kuona. Hapo na mimi nina kosa. Lakini sikiliza, binti yangu. Kuchoka si dhambi. Ukichoka, niambie, kazi italala mpaka kesho. Ukificha, anayelipia ni yule mtoto wa wodini, na yeye hana nguvu hata za kulalamika."

Chapuchapu alifuta machozi kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vilijaa ndimu.

"Nimechoka, mama," alisema.

"Najua. Maliza hilo moja, ukalale."

Akalikata taratibu, vipande vyembamba, mpaka mwisho.