Kura ya Mwenyekiti

Jumamosi ile kituo cha zimamoto cha mlima Cuervo kilifurika. Magari ya kuzimia moto yalitolewa nje, na ndani meza zikapangwa kwa chakula cha pamoja cha wenye nyumba wa mlima mzima: maharage, nyama ya paa, pai za tufaha, na keki ya malai ya Bibi Winifred Pruitt, aliyoamka alfajiri kuipika. Watu walikuwa bado wanasalimiana mlangoni alipoingia mbuzi mweupe, akapita katikati ya miguu yao kama mgeni rasmi, akapanda benchi, akazamisha mdomo kwenye keki.

"Mbuzi wa nani huyu?" Winifred alipiga ukelele.

Mwanamke aliingia mbio, jinzi imepauka magotini, shati jekundu la mirabaraba limefungwa kiunoni, nywele zimemtoroka kwenye kitambaa. Lakini mwanamume mrefu mwenye kofia ya majani alikuwa ameshamkumbatia yule mbuzi tumboni.

"Ni wako?"

"Inategemea. Kala kiasi gani?"

"Nusu."

"Basi simjui."

Mwanamume akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Leandro Tafoya. Mwenyekiti wa umoja wa wenye nyumba."

"Ee Mungu wangu! Mwenyekiti mwenyewe?" Akajifuta mkono kwenye jinzi, akaunyoosha. "Maren Okerlund. Nimenunua ile nyumba ya juu kabisa, barabara inapoishia. Huyu ni Petunia. Wenzake sita wamebaki nyumbani, ndio wenye adabu."

Kesho yake Leandro alipanda mpaka barabara inapoishia, eti kuangalia kama mvua imeila. Juma lililofuata aliiangalia tena. Hapakuwa na barabara nyingine mlimani iliyopendwa namna hiyo. Maren alimpa jibini aliyoitengeneza kwa mikono yake, naye akaleta mchuzi wa pilipili mbichi wa nyumbani kwao, na jioni moja kwenye ngazi za mbao, harufu ya misonobari imewazunguka, akambusu.

Simu ya Maren haikushika mtandao mpaka apande jiwe lililo nyuma ya nyumba.

"Uko jiweni?" Leandro angeuliza.

"Niko jiweni. Sema haraka, upepo unaniingia mifupani."

"Nikisema haraka utateremka."

"Basi sema polepole, mchokozi wewe."

Majani ya miti yalipoanza kugeuka dhahabu, puma, yule paka mkubwa wa mwituni, alionekana mlimani. Alipita mchana kweupe kwenye baraza la Winifred, mahali anapochezea mjukuu wake. Ukaitwa mkutano, pale pale kituo cha zimamoto.

"Sina ubaya na Maren," Winifred alisema. "Lakini mnyama yule anafuata harufu ya mbuzi. Mnataka angoje mpaka ale mtoto?"

Kura za kuwaondoa mbuzi zikapigwa, zikawa sawa kwa sawa. Macho yote yakamgeukia mwenyekiti, mwenye kura ya kuamua. Maren alimtabasamia, maana kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Leandro aliinuka, kofia mkononi. "Mbuzi waondoke," alisema. "Kabla theluji haijafunga barabara."

Alimkuta nje, anahangaika na mlango wa gari.

"Maren, kipenzi..."

"Jana umekula jibini yangu, ukaniita roho yako. Leo unanifukuza mbele za watu?"

"Sijakufukuza wewe."

"Wale mbuzi ndio mimi, Leandro! Nilipotoka Denver nimeachika, sina hamu ya kuona kumekucha, wao ndio walionitoa kitandani. Walitaka kukamwa. Hawakujali kama nimelia."

"Ngoja nikueleze."

"Ungenieleza jana." Akawasha gari.

Toka siku hiyo hakupanda jiweni tena. Leandro alipiga, simu haikuita. Alipanda barabarani mara mbili akakuta mlango umefungwa na moshi unatoka dohani. Akarudi alikotoka. Watu wakasema yuko bondeni kutwa, kwenye shamba la marehemu babu yake, anagonga misumari kama mwendawazimu.

Maren alipata mnunuzi wa mbuzi wote. Lakini asubuhi aliyoahidi kuja, theluji iliamka kabla yake. Barabara haikuonekana, majani ya zizini yamelowa, na Petunia alikuwa anatetemeka. Maren aliutazama ule weupe mpaka akaona hana njia. Akapanda jiweni.

"Mwenyekiti, barabara imefunga."

"Niko njiani, mpenzi."

"Usiniite mpenzi."

"Niko njiani, mwenye mbuzi."

Alikuja na gari la kusukuma theluji, nyuma anavuta trela lenye majani makavu. Ndevu zilikuwa zimeganda.

"Mnunuzi hafiki leo," alisema. "Nipe mimi niwahifadhi."

"Wewe uliyewapigia kura?"

Leandro akavua glavu. "Nyayo za puma sikuziona kwa Winifred peke yake. Nilizikuta chini ya dirisha lako. La chumbani."

Maren akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. "Na hukuniambia? Nalala na dirisha wazi, na wewe unajua?"

"Nilikaa garini chini ya nyumba yako mpaka asubuhi, kila usiku, mpaka siku ya kura. Niliogopa utadhani nakutisha ili ukubali kuwatoa."

"Mimi si mtoto, Leandro. Ungeniambia, ningewatoa mwenyewe."

"Najua. Nilikosa. Nilikulinda kama mtu asiyekuamini, na hilo limeniuma kuliko baridi hii."

Walipakia mbuzi bila maneno mengi. Huko bondeni, nje ya mipaka ya umoja, nyumba ya udongo ya babu ilikuwa imepakwa upya. Kando yake lilisimama zizi jipya lenye paa la bati na ua mrefu wa nyaya ambao puma asingeuruka. Dirisha la jikoni lilikuwa limepanuliwa, linatazama zizini moja kwa moja.

"Anayepika hapa atawaona mbuzi," Maren alisema taratibu.

"Ndivyo nilivyokusudia."

"Nani anapika hapa?"

"Mimi, kwa sasa. Pilipili tupu." Akamgeukia. "Maren, mbuzi wamepata kwao. Namngoja mwenye mbuzi. Nioe... yaani, nikuoe. Hata ulimi umeganda."

Maren alicheka kwa mara ya kwanza tangu mkutano, machozi yakimtoka. "Nyumba yangu ya juu siuzi. Kiangazi nitataka kulala kule."

"Nitalala kule."

"Na kila unyayo utakaouona, utaniambia siku hiyo hiyo."

"Saa hiyo hiyo."

"Basi fungua mlango wa zizi," alisema, akimshika mkono uliokuwa baridi kama chuma. "Nakubali, Leandro, lakini tuwaingize kwanza hawa wenye baridi."