Mvinyo Nyuma ya Tanuri

Mwoka mikate alikuwa mtu wa kuwahi. Jua likichomoza, mikate yake imeshapanda rafuni. Ikifika saa tatu asubuhi, nusu imeshauzwa, naye amekaa mlangoni, aproni imejaa unga, anawatania wateja waliochelewa.

"Umelala mpaka umeota mvi," alimwambia mteja mmoja, huku akimtolea mkate aliomfichia chini ya meza.

Mikono yake ilikuwa myepesi. Mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi, na huo mdomo ndio uliokuja kumponza.

Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mpole, asiyependa kumsumbua mtu. Huyo ndiye aliyepata mchumba kwanza. Harusi ikapangwa ifanyike baada ya miezi mitatu. Siku moja alipita dukani, akakaa karibu na baba yake.

"Baba, mambo mengine yote nimewaachia mama na kamati. Kitu kimoja tu nataka ukifanye wewe."

"Kipi hicho, mama?"

"Mvinyo wa kututakia heri. Uuchague wewe mwenyewe."

"Mimi? Mimi najua hamira na chumvi."

"Wewe, baba. Nataka nikinyanyua glasi, nijue imetoka mkononi mwako."

Maneno hayo yalimwingia moyoni. Wiki ileile akaenda kwa muuza vinywaji, akanunua chupa sitini. Hakuuliza watakunywa watu wangapi. Hakuonja hata tone. Aliona lebo yenye picha ya zabibu nene, akasema, "Nipe hizo hizo."

Alizipanga nyuma ya tanuri, katika kichumba anachowekea unga. Kilikuwa kichumba kikavu, na unga wake haukuwahi kuvunda humo hata siku moja. Akaona kama unga unakaa salama, mvinyo nao utakaa. Chupa akazisimamisha wima, akafunga mlango, akajipongeza kwa kuwahi.

Jirani yake alikuwa mzee aliyehudumia wageni kwenye hoteli kubwa kwa miaka thelathini. Mtaa mzima ulimwita Trei. Asubuhi moja Trei alikuja kuchukua mkate wake, akaona masanduku ya chupa ndani ya kichumba, mlango ukiwa umeachwa wazi.

"Jirani, kuna nini humo?"

"Mvinyo wa harusi. Mimi kazi yangu nimeshaimaliza."

Trei aliingia, akaweka kiganja ukutani. Akakitoa haraka.

"Ukuta huu ni wa moto. Mvinyo hauwezi joto, jirani. Unaharibika humohumo ndani ya chupa, na kwa nje huoni kitu. Hamishia kwangu. Nina chumba chenye giza na ubaridi. Tena tuzilaze chupa, ili vizibo visikauke vikapitisha hewa."

Mke wa mwoka mikate alikuwa anahesabu maandazi. Akainua uso.

"Msikilize mwenzio. Au basi tufungue moja tuonje."

Duka lilikuwa na wateja sita au saba. Mwoka mikate alijiona anafundishwa kazi mbele za watu, dukani kwake mwenyewe. Akacheka kwa nguvu.

"Jamani, huyu alikuwa anabeba trei tu. Aliyekuwa anakunywa ni mgeni. Yeye atajuaje mambo ya mvinyo?"

Wateja wakaangua kicheko. Trei hakucheka. Alichukua mkate wake, akaupangusa unga, akasema, "Haya, jirani." Tangu siku hiyo alinunua mkate mtaa wa pili.

Siku ya harusi ikafika. Ukumbi ulipambwa vitambaa vyeupe, na binti alipendeza mpaka baba yake akakosa utani. Muda wa kuwatakia maharusi heri ulipofika, wahudumu wakaanza kufungua chupa. Mwoka mikate aliona vizibo vingine vimejisukuma juu, na shingo za chupa zinanata. Akataka kuwazuia wahudumu. Lakini mshereheshaji alikuwa ameshamwita "baba wa bibi harusi", na watu wote walikuwa wanamtazama.

Akasema maneno mazuri aliyoyafanyia mazoezi wiki nzima. Akanyanyua glasi. Wote wakanyanyua. Wakanywa.

Ukumbi ukanyamaza. Ilikuwa siki. Siki yenye harufu ya jamu iliyoungua. Baba wa bwana harusi alikohoa ndani ya leso. Mjomba mmoja alirudisha mvinyo kwenye glasi bila kujificha. Mama wa bwana harusi hakuwa mnywaji, na hakuna aliyemwekea maji wala juisi. Alikuwa amenyanyua glasi tupu, akabaki ameishika hivyo hivyo.

Mwoka mikate akamgeukia binti yake. Binti alikuwa anatabasamu. Glasi yake ilikuwa tupu. Nyuma yake palikuwa na chungu kikubwa cha maua. Baba akajisemea, "Ameimwaga humo," na akashukuru kwamba mwanawe hakuionja ile aibu.

Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomuumiza. Binti hakulitaja jambo lile kabisa. Mkewe alisema tu, "Yameshapita." Kwake yeye hayakupita. Kila alipochota unga kwenye kile kichumba, aliona haya peke yake. Mwanawe alimwomba kitu kimoja tu, naye akamharibia. Ingekuwa mkate, angeoka mwingine kesho. Harusi ya mtu unaioka upya vipi?

Mwaka mmoja na nusu baadaye, binti mdogo naye akaleta mchumba. Mwoka mikate alichukua mkate wa moto, akaufunga kwa kitambaa, akaenda kwa Trei. Alisimama mlangoni kama mtu anayeomba kazi.

"Jirani, nilikudharau mbele za watu. Nimekosa. Sikuja mapema kwa sababu ya aibu."

Trei akasema, "Maneno yale yaliniuma. Miaka thelathini ya kazi yangu uliifanya kichekesho."

"Najua."

"Ingia basi. Mkate usipoe."

Wakakaa mezani. Trei akauliza, "Mkate wako mmoja unatoa slesi ngapi?"

"Kumi na nane."

"Chupa moja ya mvinyo inatoa glasi tano. Unamimina nusu ya glasi, hujazi mpaka juu. Sasa, wageni ni wangapi?"

"Mia na ishirini."

"Wanaokunywa?"

"Sijauliza."

"Kaulize," alisema Trei. "Wewe huoki mikate bila kujua wateja wako. Tuseme nusu yao wanakunywa, kila mmoja glasi mbili. Hizo ni chupa ishirini na nne. Ongeza mbili za akiba. Wasiokunywa watengee juisi na maji, tena kwenye glasi nzuri zilezile, ili nao wanyanyue. Watoto ni juisi. Anayeendesha gari naye ni juisi, hata akibembeleza."

"Na nikinunua zikabaki?"

"Kubaliana na muuzaji kabla hujalipa. Wengi wanapokea chupa zisizofunguliwa. Lakini kwanza nunua moja, tuonje. Picha ya lebo hainyweki."

Walionja aina tatu, katika siku tatu, na mke wa mwoka mikate akiwepo. Yeye ndiye aliyechagua. Chupa zikaletwa wiki moja kabla ya harusi, zikalazwa katika chumba cha Trei chenye giza. Asubuhi ya harusi Trei mwenyewe, shati jeupe limenyooshwa, alifungua ya kwanza akaionja kabla ya mgeni yeyote.

Safari hii ukumbi haukunyamaza. Watu walinyanyua glasi, wakanywa, wakaendelea kuongea. Bibi mmoja aliomba aongezwe juisi. Jioni zilibaki chupa tatu, na muuzaji alizipokea kesho yake.

Katikati ya shangwe, mwoka mikate alibeba chupa mpaka meza ya binti yake mkubwa, akakaa pembeni yake.

"Onja, mama. Huu ndio uliotakiwa uwe wako."

Binti akanywa kidogo. "Mzuri sana, baba."

"Ulifanya vizuri kuumwaga ule wa kwako kwenye maua."

Binti akaweka glasi mezani. "Nani kakwambia niliumwaga? Niliunywa wote."

"Ile siki?"

"Si uliuchagua wewe, baba?"

Machozi yalimtoka mwoka mikate mbele za watu, wala hakuyafuta. Alichukua chupa akammiminia tena, taratibu, nusu ya glasi kama alivyofundishwa.