Ukurasa wa Uyoga na Mwanzi

Kila siku baada ya chakula cha mchana tulilisafisha darasa letu wenyewe, na kila siku ugomvi ulianza tukiwa bado na mifagio mikononi. Darasa letu la tano, katika mji wetu wa Matsumoto, lilikuwa na kambi mbili tu: wapenda biskuti za Uyoga na wapenda biskuti za Mwanzi. Uyoga una kofia ya chokoleti juu ya kijiti cha biskuti. Mwanzi una umbo la chipukizi la mwanzi, biskuti laini iliyovikwa chokoleti. Mimi, Chinatsu, nilikuwa wa Mwanzi, na watu wa Uyoga niliwaona hamnazo kabisa.

"Nyie mnakula vijiti vya kuchokonolea meno," nilimwambia Kazuha, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja.

"Na nyie mnakula makombo," alijibu, huku akiendelea kupiga deki.

Wiki hiyo Mwalimu Nezu alitupa sisi wawili ukurasa mzima wa gazeti la ukutani. Wazazi wangekuja kulisoma Jumamosi. Kazuha alichora biskuti zote mbili, vizuri mno, akazibandika. Mimi nikaandika kwa kalamu nene: "Nimezionja zote kwa makini. Uyoga ni chakula cha mtu asiye na ulimi. Kijiti chake ni legelege, kinamumunyika kabla hujakitafuna. Aibu tupu." Nilijiona mwandishi hasa.

Kazuha alisoma mara mbili. "Kijiti cha Uyoga ni kikavu, Chinatsu. Ukikiuma kinalia kau. Ulikionja lini?"

"Zamani."

"Zamani lini?"

"We kula Uyoga wako, uniache."

Ukweli ni kwamba tangu nizaliwe sikuwahi kuutia Uyoga mdomoni. Nyumbani kwetu ulikuwa Mwanzi tu. Dharau yote nilifundishwa na kaka yangu, nami nikaibeba nzima nzima bila kuuliza.

"Basi michoro yangu haikai kwenye uongo," Kazuha alisema. Akaibandua polepole, akaondoka nayo. Ukurasa ukabaki na mapengo mawili, na mimi nikabaki bila mtu wa kutembea naye kurudi nyumbani.

Ijumaa ilifika. Kwetu, kabla ya kwenda nyumbani, darasa hukaa kikao kifupi, na mwenye neno husimama. Nilijua Kazuha atanisema. Hakunisema. Alitazama dirishani tu, na hilo liliniuma kuliko kama angenisema. Nikasimama mwenyewe.

"Sijawahi kuonja Uyoga," nilisema. "Niliyoandika ni ya uongo."

Kambi zote mbili zilinicheka. Mwalimu Nezu hakucheka. "Biskuti haziingii shuleni, kwa hiyo hapa siwezi kukusaidia. Nani ana Uyoga nyumbani?"

Kazuha aliinua mkono, bila haraka.

Jioni ile kwao, nilikula mmoja. Kau. Nikala wa pili.

"Enhe?" Kazuha aliuliza.

"Bado ni biskuti ya kipuuzi. Ila kijiti kina chumvi kidogo, kinapunguza ule utamu wa chokoleti."

"Si uandike hivyo hivyo." Kisha akanitazama. "Na huo wa tatu unaoutafuna, nao ni wa utafiti?"

Asubuhi ya Jumamosi nilibandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Niliandika kwamba Mwanzi bado unashinda, na kwamba kabla ya jana sikuwa na haki ya kusema hivyo.

Mwalimu Nezu aliisoma yote kabla wazazi hawajaingia. "Kudharau biskuti ni ruksa, Chinatsu. Mimi nazidharau zote mbili. Lakini ukimwambia msomaji kwamba umeonja, uwe umeonja kweli, kwa sababu yeye anategemea ulimi wako."

Nyuma yake Kazuha alikuwa anairudisha michoro yake. Uyoga alikuwa ameuchora upya, mkubwa mara mbili ya Mwanzi. Nikamshikia gundi.